Dripu ya mafuta na ini la mnyama: niliyoyaona kwenye hadubini

Mkuu mleta mada, umesema paka wako alipata sumu ya permethrini (dawa ya kuua viroboto na kupe), akatundikiwa dripu nyeupe kama maziwa, na sasa unahofia ini lake. Nimekaa miaka mingi maabara ya patholojia ya wanyama, ngoja nikueleze.

Dripu ile ni mafuta, mara nyingi ya soya, yaliyovunjwavunjwa kuwa matone ya wastani wa chini ya nusu mikromita (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa msaada wa fosfolipidi za kiini cha yai. Udogo huo ndio unaoyapitisha kwenye kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kabisa. Yakiungana yakavuka mikromita 5, hunasa mapafuni. Chupa ambayo mafuta yameanza kujitenga haitundikwi kabisa.

Sasa ini. Niliwahi kupokea ini la sungura wa utafiti aliyepewa dripu hii kwa siku kadhaa. Nikalipitisha kwenye alkoholi na zailini kama kawaida, nikalizamisha kwenye nta ya parafini. Kwenye hadubini nikakuta vitundu vitupu, vya mviringo: mafuta yote yameyeyushwa na kemikali zangu. Niliumia, maana mnyama yule alikufa kwa ajili ya jibu lile. Bahati nzuri kipande kimoja kilibaki kwenye fomalini. Nikakigandisha, nikakikata, nikakipaka Oil Red O, rangi nyekundu inayoshika mafuta, na matone mekundu yakajitokeza, yamesongamana ndani ya seli za Kupffer, zile zinazofagia damu inayopita kwenye ini. Seli za ini zenyewe zilikuwa na machache tu.

Kuonekana kwa mafuta hakumaanishi ini limekufa. Dripu ikisimamishwa, seli hizo huyasafisha taratibu. Balaa huja kwa kuzidisha kipimo, kuharakisha, au kuendelea kwa wiki nyingi: homa, ini na wengu kuvimba, upungufu wa damu. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyoiondoa sokoni Lipomul, dripu ya mafuta ya mbegu za pamba, kule Marekani miaka ya 1960. Soya nayo ina fitosteroli (kemikali za mimea zinazofanana na kolesteroli), na kwa vitoto vya nguruwe vinavyolishwa kwa mshipa muda mrefu, nyongo hukwama.

Paka wako alipewa kwa muda mfupi tu, kwa hiyo kuhusu ini sina wasiwasi mkubwa. Kabla hajaongezewa dozi, omba sampuli ya damu yake izungushwe kwenye mashine ili seramu, yaani majimaji yake, itengane. Seramu ikiwa bado nyeupe, wasubiri. Na akitapika au kususa chakula siku hizi, mrudishe haraka apimwe kongosho pia.