Kwa Anayeanza Benchi la Kupimia Injekta za Ndege: Itazame Hewa Kwanza

Ndugu yangu, ikiwa umetoka kwenye injekta (vifaa vya kunyunyizia mafuta ndani ya injini) za dizeli, zile ambazo mafundi wa Grogan, mtaa wa karakana hapa Nairobi, huzipima kwa pampu ya mkono mpaka ukungu utoke, umeshapata shule nzuri. Lakini shule hiyo imekuzoesha kuamini kwamba mafuta hupasuliwa na presha yake yenyewe. Kwa dizeli ni kweli, na injini za siku hizi hupitisha hata baa 1,600 (baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa usawa wa bahari). Injekta ya ndege inayotumia hewa haifanyi hivyo. Mafuta huingia polepole, pampu ikiwa na kazi ya kuishinda presha ya chumba cha mwako tu. Anayepasua ni hewa. Mfano uko hapo hapo Grogan, kwa fundi wa kupaka magari rangi: mfungie hewa ya kompresa, na bunduki yake itabaki kudondosha rangi chini.

Ndani ya injekta, mafuta hutandazwa kwenye ukuta wa mviringo yawe utando mwembamba, kisha husukumwa hadi kwenye mdomo. Hewa hupita pande zote mbili za utando, kwa kasi ya takriban mita 100 kwa sekunde. Huukwaruza mpaka uanze kufanya mawimbi. Mawimbi hukua, hupasuka yakawa nyuzi, na nyuzi hukatika zikawa matone. Kinachopinga haya yote ni mvutano wa uso, ile hali ya kimiminika kujishika kisitawanyike. Ukizigawanya nguvu za hewa kwa mvutano huo unapata namba ya Weber. Jifunze kuihesabu kabla hujagusa spana.

Mimi sikujifunza mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kwa maji, kwa hewa ya kawaida ya karakana, nikapiga picha nyingi, nikalinganisha na vipimo vya mafuta vilivyochukuliwa usawa wa bahari. Matone yangu yalikuwa makubwa mno. Nikaihukumu injekta kuwa mbovu, nikaifungua na kuisafisha mara mbili. Haikuwa na ila yoyote. Kwanza, maji hujishika karibu mara tatu kuliko mafuta ya ndege: milinyutoni 72 kwa mita dhidi ya 26 hivi. Pili, tuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ina uzito wa karibu kilo 1 kwa mita ya ujazo, na ya Mombasa ni karibu 1.2. Kasi ni ile ile, lakini hewa nyepesi hupiga utando kwa nguvu ndogo. Naliumia sana kosa hilo, kwa sababu jibu lilikuwa humo humo nilimokuwa nikipumua.

Sasa ingia ndani ya injini. Ndege kubwa inapopaa, presha ya chumba cha mwako inaweza kufika baa 30. Wageni wengi huchukua 30, wakaigawanya kwa presha ya hewa ya Nairobi, baa 0.83, wakapata mara 36, wakadhani hewa imekuwa nzito kiasi hicho. Wanasahau kwamba kompresa ya injini, inapoibana hewa, huipasha moto pia, na joto huipunguzia hewa uzito. Kwa baa 30 na kelvini 800 (karibu nyuzi 527 za Selsiasi), hesabu inakupa karibu kilo 13 kwa mita ya ujazo, yaani mara 13 tu ya hewa ya benchi letu. Hata hivyo ni nyingi! Utando hupasuka mapema zaidi na matone huwa madogo zaidi. Kwa hiyo picha ya benchi la wazi isikudanganye kwamba umeona kinachotokea angani.

Ukingo wa mdomo nao usiudharau. Mafuta hujikusanya pale kabla ya kuraruliwa, na unene wa ukingo huathiri ukubwa wa matone. Ukague kwa lenzi, pole pole, mzunguko mzima. Ukiona kaboni imeganda kwenye njia za mafuta, tarajia ukungu wenye michirizi, na michirizi hiyo huunguza ukuta wa chumba.

Angalia pia kiasi cha hewa. Chini ya kilo 2 au 3 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta, matone huharibika upesi. Ukipita 5, faida huwa ndogo. Wakati wa kuwasha injini hewa bado inakwenda taratibu, ndiyo maana injekta nyingi za aina hii huwekewa katikati nozo (mdomo wa kunyunyizia) ndogo ya presha, inayopasua mafuta kwa presha yake yenyewe.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga injekta yoyote kwenye benchi, soma baromita (kipima presha ya hewa) na kipimajoto cha chumba, uandike namba hizo mbili juu kabisa ya karatasi. Karatasi isiyo nazo nitakurudishia upime upya.