Dawa ya majani kwenye kinyungu msimu wa baridi: usirudie kupiga kwanza

Mkuu, umesema umepiga glaifoseti, dawa ya kuua magugu, kwenye kinyungu chako (shamba la bondeni la kiangazi) huko Njombe mwanzoni mwa mwezi wa saba, leo siku ya kumi sangari (ile nyasi ya mizizi inayotambaa) bado iko kijani, na muuza duka kakwambia urudie kwa dozi mara mbili. Mimi nalima vinyungu ukanda huohuo, mabonde ya juu kwenye baridi yenyewe. Jibu langu: usirudie. Kwa baridi hii siku kumi hazitoshi kuihukumu dawa.

Glaifoseti haiunguzi jani. Inaingia kupitia jani, inakwenda na chakula ambacho mmea unakipeleka mizizini na kwenye machipukizi, huko ndiko inakoua. Mmea ukienda polepole, dawa nayo inakwenda polepole. Kilombero kwenye joto utaona njano ndani ya wiki moja hivi. Kwetu Juni mpaka Agosti, usiku umande unaganda na ukungu hauondoki mpaka saa nne, kwa hiyo wiki tatu ni kawaida tu. Sangari inaweza kuzidi hapo.

Ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, achana na majani makubwa ya nje, hayo ni ya mwisho kuonyesha. Ng'oa shina moja, menya majani yake moja moja mpaka ulikute lile changa la katikati kabisa. Kama limepauka na ukilivuta linachomoka bila ubishi, dawa imefika. Kisha fukua ule mzizi unaotambaa, angalia vifundo. Vichipukizi vikiwa vyeupe na vigumu, bado mzima huyo. Vikiwa vya kahawia na vinabonyea, subiri tu. Na usipitishe jembe sasa hivi, maana ukikata mizizi kabla dawa haijasambaa, kila kipande kinaota upya.

Kama wasiwasi wako ni dawa feki (na feki zipo, tusidanganyane), chukua kiasi kidogo kilichobaki kwenye chupa, changanya kwa vipimo vilevile, kapige majani machanga sehemu ya juu inayopata jua mchana kutwa. Yakifa kule na ya bondeni bado, unajua ni baridi. Yasipokufa kote, hapo ndipo uende dukani na chupa yako na risiti, na uangalie kama lebo ina namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya viuatilifu nchini.

Kuna wanaokushauri uchanganye na parakwati, dawa nyingine ya magugu, ili "ishike haraka". Hapana kabisa. Parakwati inachoma jani lilipo, na jani likishakufa glaifoseti haina pa kupitia. Utafurahi siku tatu, mvua ya kwanza sangari inarudi. Mbali na hilo, parakwati ikimezwa, hata kidogo, haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mimi nyumbani kwangu haiingii.

Sasa maji. Vinyungu vingi tunachota kwenye mfereji uleule, maji ya udongo. Glaifoseti inanasa kwenye udongo na ikishanasa haifanyi kazi tena, na kitambaa cha kuchujia hakisaidii kwa sababu ule mfinyanzi laini unapita. Beba maji safi kutoka nyumbani, hata kama ni kero. Wala usilowanishe jani mpaka lidondoshe, dawa yote inaishia chini.

Saa za kupiga ndiyo kitu watu wengi hawazingatii. Pita kwenye majani kwanza: suruali ikilowa mpaka magotini, rudi kakae. Umande mzito unaichuruzisha dawa. Mimi naanza ukungu ukishapanda na jani limekauka, mara nyingi saa nne na nusu, na namaliza kabla ya saa nane ili dawa ipate muda wa kuingia kabla unyevu haujarudi. Usiku umande ukiganda na majani yakaungua, acha siku kadhaa mpaka uone chipukizi jipya.

Halafu hiyo asubuhi ya ukungu, isiyo na upepo, ambayo watu wanaipenda eti dawa haipeperuki, ndiyo mbaya kuliko zote. Hewa baridi imelala bondeni. Tazama moshi wa majikoni: ukiona unatanda kama utando badala ya kupanda, yale matone madogo nayo yataelea hivyohivyo mpaka kwa jirani. Kama jirani ana viazi vya mbegu, balaa, maana glaifoseti inashuka mpaka kwenye kiazi, na msimu unaofuata mbegu inachipua vibaya au haichipui. Nimeona ugomvi wa ukoo mzima ukianzia hapo. Na kijito kipo pembeni, kwa hiyo usioshee bomba la kupigia dawa humo. Dawa nyingi za aina hii zina kilainishi (kitu kama sabuni cha kuisaidia dawa ishike jani) kinachoua samaki na vyura.

Jambo jingine ni makoti. Baridi ikikaza vibarua wanapiga dawa wamevaa makoti mazito, bomba likivuja koti linakunywa, jioni wanaota moto jikoni na koti lilelile mwilini, mtoto kapakatwa. Vaa nailoni juu ya koti, uivue na kuiosha ukimaliza.

Uliuliza pia kuhusu metribuzini, dawa ya magugu ya kwenye viazi, kwa viazi vyako vilivyoota. Hiyo ni kinyume cha glaifoseti: baridi haiyalindi magugu, inakuumizia viazi. Kiazi kilichokaa kwenye mawingu na baridi mfululizo hakina nguvu ya kuivunjavunja dawa, na jani linakuwa njano kuanzia kwenye mishipa. Subiri angalau siku tatu za jua baada ya hali hiyo ndipo upige, na jua halisi, siyo lile la saa saba hadi saa nane. Lisipopatikana, palilia kwa jembe.

Fukua huo mzizi kesho, weka picha ya kifundo hapa tuone.