Misuli Haijui Kusukuma

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: watu wa mkokoteni wakipandisha magunia ya viazi, mmoja mbele akivuta na mwenzake nyuma akisukuma, nguvu inatoka kwenye misuli au kwenye mifupa? Niliwasomea wateja wangu hapa bucha, soko la Burma, wakabishana hadi mmoja akaondoka bila chenji yake. Mimi nakata nyama mwaka wa 18 sasa, na jibu langu halitapendeza upande wowote. Mkokoteni unasukumwa, sawa, lakini ndani ya mwili wa yule wa nyuma hakuna msuli hata mmoja unaosukuma. Msuli unajua kazi moja tu: kujikaza na kuvuta.

Msukumo unatokana na jinsi mifupa ilivyopangwa. Msuli wa nyuma ya mkono wa juu unavuta ile ncha ya kiwiko unayoegemea mezani, kigasha kinanyooka. Wa mbele ya paja unapitia pia ya goti na kuvuta mfupa wa muundi, goti linanyooka. Wa shavu la mguu unanyanyua kisigino. Mifupa ikinyooka hivyo pamoja, mkokoteni utakwenda. Na kwa kuwa msuli hauwezi kuusukuma mfupa urudi ulikotoka, lazima kuwe na mwenzake upande wa pili wa kuurudisha. Baridi ya Julai ikitubana, yote miwili hujikaza kwa mtetemo, mifupa haiendi popote, tunabaki na joto tu.

Kitu ambacho watu husahau ni kano. Mwaka juzi kijana anayenisaidia alijichoma kisu kiganjani, chini ya kidole cha shahada. Kidonda hakikuzidi upana wa ukucha. Zahanati moja ya mtaani ikashona ngozi, ikafunga bandeji, ikamwambia aende nyumbani. Baada ya wiki akikunja ngumi, vidole vingine vinakunjika, hicho kimenyooka kama penseli. Misuli yake ilikuwa mizima kabisa, maana misuli mikubwa inayokunja kidole haiko kidoleni, iko kwenye kigasha. (Shika kigasha chako karibu na kiwiko, chezesha vidole, utaisikia ikitembea.) Kutoka huko hadi kidoleni ni kano tu, zile kamba nyeupe zinazong'aa ambazo wateja huniambia nizitoe. Kisu kilikuwa kimezikata. Misuli ilivuta, ila haikuwa imefungwa popote. Ilibidi apasuliwe upya ziunganishwe, kisha miezi ya mazoezi ya kidole kimoja.

Mwili pia si bahili wa nguvu kama tunavyodhani. Shika pakiti ya unga ya kilo 2, kiwiko ukikikunja kama herufi L. Msuli wa mbele ya mkono umejishikiza sentimita nne au tano tu kutoka kwenye kiungo, na unga uko mbali, kwenye kiganja. Ni sawa na kufunga mlango kwa kuusukuma karibu na bawaba. Kwa hiyo msuli unavuta kwa nguvu ya kilo 15 hivi, tena bila kuhesabu uzito wa mkono wenyewe. Faida yake ni mwendo: msuli ukifupika sentimita moja, kiganja kinasafiri saba au nane.

Ng'ombe akishachinjwa, nyama huchezacheza kidogo kwenye ndoano, halafu baada ya saa kadhaa inakuwa ngumu kama ubao. Zamani nilidhani ni damu imeganda. Kumbe ndani ya msuli kuna nyuzi za protini mbili, aktini na miosini. Miosini ina vichwa vinavyoishika aktini, vinavuta, vinaachia, vinashika mbele tena, kama watu wanaovuta kamba. Ajabu ni kwamba nishati inahitajika hata kwa kuachia. Mnyama akifa nishati inakwisha, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania. Nyama hulainika baadaye, nyuzi zinapoanza kuvunjika.

Lakini kwa mtu wa mkokoteni, mlima si adui mkubwa kama mteremko. Akishuka na mzigo, msuli wa paja unavuta huku ukirefushwa kwa nguvu, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani akiiachia kamba kidogo kidogo. Kuvuta kwa namna hiyo ndiko kunakoumiza nyuzi zaidi, na maumivu yanakuja kesho yake. Nilimweleza hivyo yule mteja aliporudi kuchukua chenji, naye zamani alisukuma mkokoteni Gikomba. Akacheka: siku zile akishusha mzigo bondeni, kesho yake anateremka ngazi za ploti kinyumenyume.