Rangi iache kwanza
Yakhe, umeuliza kama uipake rangi ile mashua ya futi 18 au uiuze hivyo hivyo pamoja na treila yake. Rangi iache. Mnunuzi anayejua kazi, hasa akitoka Nungwi, kijiji cha waunda majahazi huko Unguja, atagonga mbao na kuchokoa viungo kwa kisu. Rangi mbichi itamfanya ashuku unaficha ubovu. Mwoneshe mbao ulizobadilisha na kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, ilivyokaa. Ishushe majini mapema, mbao zivimbe zibane, ndipo umwite. Akija, tweka tanga mkazunguke. Treila ndiyo itakayokuangushia bei: maji ya chumvi hula beringi, kwa hiyo fungua magurudumu utie grisi mpya. Na karatasi ziwe kwa jina lako, si la marehemu babu!