MBA ukiwa kazini: swali la mkuu wa stoo ya spea, Tanga

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Ngamiani, na ni mkuu wa stoo ya spea katika kiwanda kimoja hapa Tanga. Nina shahada ya ununuzi na ugavi na miaka 9 kazini. Natamani kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, bila kuacha kazi, lakini meneja wangu ameniambia hiyo ni karatasi ya kutundika ukutani. Mwenzangu ofisini ananishauri nimalize kwanza mitihani ya CPSP, ile ya kitaaluma ya ununuzi na ugavi. Nina watoto wawili. MBA itanifaidia nini hasa, na nitajuaje kama gharama yake inalipa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na meneja wako, maana naona maneno yake yamekuuma. MBA za kutundika ukutani zipo, nimeziona. Mtu anasoma akiwa hana kazi inayomdai uamuzi wowote, anakariri majibu ya mitihani, anatoka na joho na picha. Wewe hauko hivyo. Wewe una stoo. Faida kubwa ya kusoma ukiwa kazini ni hiyo stoo yenyewe: somo la leo jioni lina mahali pa kujaribiwa kesho asubuhi, na aliyeacha kazi akaenda kukaa hosteli miaka 2 hana mahali hapo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme rafu zako zina spea za shilingi milioni 400, na kiwanda kinaendeshwa kwa mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Spea hizo kukaa tu pale, kabla hujahesabu kutu, bima na zile ambazo mashine yake ilishaondolewa, kunakigharimu kiwanda milioni 64 kwa mwaka. Mhasibu akiiona namba hiyo atataka stoki ikatwe. Fundi mkuu atakataa, na ana haki yake, kwa sababu beringi moja ikikosekana mashine inalala siku 3 ikisubiri mzigo, na hasara ya siku hizo inaweza kumeza akiba yote ya mhasibu.

Wewe unasimama kati ya hao wawili kila siku, na mara nyingi unanyamaza kwa sababu huna namba za kuwapa. Somo la fedha litakupa bei ya kukaa na mali. Somo la usimamizi wa uzalishaji litakufundisha kuzigawa spea kwa mafungu: zile chache za bei kubwa zinazochukua miezi kufika, zile zinazotoka kila wiki, na zile ambazo hazijaguswa miaka 3. Ukikuta robo ya mali iko katika fungu hili la mwisho, ukaiuza na kuacha kuiagiza, thamani ya stoki inapungua milioni 100, na kiwanda kinaokoa milioni 16 za riba kila mwaka bila fundi kupoteza hata beringi moja anayoihitaji. Hesabu hiyo ikikaa kwenye ukurasa mmoja mezani kwa meneja wako, mazungumzo yenu yatabadilika.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilikuwa mhasibu wa kiwanda nilipoanza kusoma. Jumamosi moja tulifundishwa mzunguko wa fedha: chukua siku ambazo mali inakaa ghalani, ongeza siku ambazo mteja anakaa na deni lako, kisha toa siku ambazo wewe unakaa na deni la wauzaji wako. Jumatatu nilifungua leja nikajaribu. Siku 60, jumlisha 75, toa 30. Kila shilingi tuliyoitoa ilirudi baada ya siku 105. Miaka 6 nilikuwa naziandika tarakimu hizo kwa mkono wangu na sikuwahi kuzipanga pamoja. Nikaelewa siku ile kwa nini kila mwisho wa mwezi tulikimbilia benki kuomba fedha za mishahara, ilhali vitabu vilionyesha faida. Sijasahau nilivyokaa na kikokotoo mkononi, chai imepoa, nikirudia hesabu mara ya tatu nikidhani nimekosea.

Mafunzo ya namna hii kwa watu walio kazini si jambo geni. Harvard ilianza kutoa MBA mwaka 1908, na Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha mpango wa mameneja walio kazini mwaka 1943. Wanafunzi wenzako watakuwa ni watu wa benki, hospitali, bandari, halmashauri. Mimi nilijifunza mengi kuhusu usimamizi wa foleni na zamu kutoka kwa muuguzi mkuu mmoja kuliko kutoka kitabu chochote.

Sasa gharama, na ya kwanza ni muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe na kazi za kuandika. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka 2 unapata kama saa 17 kila wiki: jioni tano za saa mbili mbili, na Jumamosi karibu nzima. Kaa na anayekusaidia kulea watoto mzipange saa hizo kabla hujalipa ada. Mimi sikufanya hivyo. Mtihani wangu wa takwimu uliangukia wiki ya kufunga hesabu za mwaka, nikanyimwa ruhusa, nikaingia chumba cha mtihani sijalala, nikafeli. Nilirudia somo zima. Kwa hiyo omba kalenda ya mitihani mapema, na ruhusa yako iwe kwa maandishi.

Gharama ya fedha ipigie hesabu kwa silaha ileile ya darasani. Tuseme, kwa mfano tu, ada na tasnifu, nauli, malazi na vitabu vinafika milioni 11, na baada ya kuhitimu kipato chako kinapanda shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Haraka haraka utasema fedha inarudi ndani ya miaka 3 na kidogo. Lakini shilingi ya mwaka wa nne si sawa na ya leo. Ukiipunguza kwa riba ya asilimia 15, yaani ukiigawa kwa 1.15 kwa kila mwaka unaosubiri, mwaka wa kwanza unakupa milioni 3.13, wa pili 2.72, wa tatu 2.37, wa nne 2.06. Jumla ni 10.28, bado hujarudisha. Unavuka ndani ya mwaka wa tano. Kwa umri wako inalipa, tena vizuri. Kwa mtu wa miaka 56 ningemwambia afikirie upya. Weka ada halisi ya chuo chako na riba halisi ya mkopo wako, kama utakopa.

Mahali pa kusoma: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, kina kituo hapa Tanga. Madarasa ya jioni ya Dar es Salaam ni mazuri, ila ni kama kilomita 350 kutoka stendi ya Kange, na basi la usiku wa Jumapili litakufikisha stoo Jumatatu ukiwa hoi. Ukivutiwa na chuo cha nje kinachofundisha kwa intaneti, uliza TCU kama inakitambua kabla hujatuma senti.

Kuhusu CPSP, mwenzako amekushauri vyema. Fani yako ina bodi yake, PSPTB, na sheria inataka mtaalamu asajiliwe nayo. Kama umebakiza mitihani michache, imalize kwanza. MBA haitakupa usajili huo. CPSP itakufanya mnunuzi na mgavi mwenye sifa kamili. MBA ni ya siku utakapotaka kukaa meza moja na wanaoamua kiwanda kinunue mashine gani na kikope wapi. Na cheo hakiji chenyewe siku ya mahafali. Nawajua waliorudi wakakaa kiti kilekile miaka 4. Ila bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na bandari yetu inapokea meli kubwa kuliko zamani. Mtu wa Tanga anayejua stoo na anayejua kusoma mizania ana milango zaidi ya mmoja wa kubisha.

Wiki hii fanya jambo moja. Chapisha orodha ya stoki yako, weka alama kwenye kila spea ambayo haijatoka tangu miaka 3 iliyopita, jumlisha thamani yake, kisha niandikie jumla hiyo. Nitakusaidia kuigeuza kuwa andiko la mada ya tasnifu, upeleke chuoni na kwa meneja wako siku moja.