Maswali ya Wasomaji: Picha za Zamani Zihifadhiwe kwa Fomati Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimerithi albamu za marehemu baba zenye picha za nyeusi na nyeupe, pamoja na za rangi za miaka ya 1970 ambazo nyingi zimegeuka nyekundu. Studio ya mtaani kwetu huziskani na kunikabidhi faili za JPEG, lakini binamu yangu anasisitiza nidai aina nyingine ya faili ya picha, TIFF ya biti 16. Je, kuna faida yoyote, au ni kujaza diski bure? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu hizo zilizogeuka nyekundu binamu yako amesema kweli, kuhusu nyingine amezidisha kidogo.

Faili ya biti 8 huigawa kila rangi ya msingi, yaani nyekundu, kijani na bluu, katika ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga, ilhali ya biti 16 huigawa katika ngazi 65,536. Kwa kutazama tu, 256 zinatosha kabisa, na picha ya nyeusi na nyeupe ambayo haijafifia haihitaji zaidi. Shida huanza kwenye kurekebisha. Katika picha nyingi za rangi za miaka hiyo, tabaka la samawati, ambalo ndilo huzuia mwanga mwekundu, lilitangulia kufifia, kwa hiyo ngazi za nyekundu zimesongamana zote upande wa mwanga. Ukichukua ngazi, tuseme, 60 zilizosalia na kuzitandaza katika nafasi ya 256, mapengo hujitokeza, na anga lililokuwa laini nyuma ya bibi harusi huingia michirizi isiyofutika. Ngazi hizo hupatikana wakati wa kuskani tu: kuigeuza JPEG kuwa TIFF ya biti 16 baadaye kutaongeza ukubwa wa faili, si habari zilizomo.

JPEG ya kawaida hubeba biti 8, na kila unapoirekebisha na kuihifadhi upya hupoteza chembe nyingine ya ubora. Kuinakili tu hakuidhuru, ingawa wengi huogopa hivyo. TIFF haitupi kitu, hata ikibanwa kwa LZW, njia ya kupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza habari, na toleo lake la 6.0, la mwaka 1992, bado hufunguliwa na programu nyingi za picha.

Gharama yake ni nafasi. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikiskaniwa kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), huchukua takriban MB 25 kwa biti 8 na MB 50 kwa biti 16 kabla ya kubanwa.

Mwambie fundi aweke skana kwenye biti 48, ambazo ni 16 kwa kila rangi, na azime marekebisho ya kujiendesha, maana hayo hukata ngazi kabla hujaiona faili. Picha zilizobaki sawa zinatosha kwa TIFF ya biti 8. Ikiwa mashine ya studio hiyo haitoi biti 16, usiihame kwa kazi yote. Zile nyekundu pekee ndizo za kupeleka kwingine.