Uliza Ujibiwe: Waini nyekundu ya Kifaransa ya kosheri, nani afungue chupa?

Mbukwenyi wasomaji. Maswali matatu ya safari hii yanakaribiana, hivyo nayaweka pamoja, la kwanza ndo refu na ndo lililonigusa maana nawapenda sana watu wanaohangaika kumpokea mgeni vizuri.

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Kisasa hapa Dodoma. Mume wangu anafanya kazi na mtaalamu wa umwagiliaji katoka Ufaransa, ni Myahudi na dini yake anaishika kwelikweli, tumemwalika yeye na mkewe waje kula kwetu Ijumaa usiku. Tunataka tuwape waini nyekundu ya kwao Ufaransa ila tumeambiwa lazima iwe ya kosheri, yaani inayoruhusiwa na sheria za dini yao. Naichaguaje na naiandaaje nisije nikawakwaza? – Msomaji, Kisasa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya waini, badilisha siku kwanza. Ijumaa jua likizama ndo Sabato yao inaanza, inaenda mpaka Jumamosi giza likishaingia, na anayeishika hapandi gari wala hawashi moto muda huo wote, kwa hiyo unamweka mgeni kwenye wakati mgumu wa kukukatalia. Waambie Jumapili, utaona watakavyofurahi.

Tuje kwenye chupa. Wengi wanadhani kosheri ni aina fulani ya zabibu, au kwamba kuna rabi, kiongozi wa dini yao, anakuja kuibariki waini, hapana, zabibu ni zilezile na shamba ni lilelile, kinachoangaliwa ni mikono iliyoigusa. Tangu zabibu zinapopondwa mpaka chupa inazibwa, wanaoshughulika na ile waini wanatakiwa wawe Wayahudi wanaoshika Sabato, na vya kusafishia waini navyo vinaangaliwa, jelatini ya mnyama asiyeruhusiwa haiingii humo. Ni sheria ya zamani sana, ya enzi watu walipokuwa wanaimwaga waini kama sadaka kwa miungu yao, na Myahudi hakutaka kabisa kunywa kilichopitia huko.

Kule Bordeaux, eneo la waini huko Ufaransa, kuna mashamba makubwa kama Léoville Poyferré la Saint-Julien na Giscours la Margaux, yanatoa waini yao ya kawaida na pembeni yanatoa toleo la kosheri. Sasa kwenye kazi ya namna hii inaingia timu nyingine kabisa, na yule fundi wa shamba anayelijua kila pipa anabaki kuelekeza kwa mdomo tu, bomba hagusi, akitaka kuonja anamiminiwa na wale wenye ruhusa. Mimi hili naliheshimu sana. Na ndo maana chupa ya kosheri kawaida inazidi bei ile ya kawaida ya shamba hilohilo, unalipia watu na usimamizi.

Kwa hiyo usichukue Bordeaux yoyote iliyoko kwenye rafu kwa kuwa ina jina zuri. Jina Rothschild kwa mfano, la ukoo maarufu wa Kiyahudi, lipo kwenye waini nyingi na nyingi kati ya hizo sio kosheri, lakini ile familia ya Edmond de Rothschild, walionunua Château Clarke mwaka 1973, wao wana chupa zao za kosheri kutoka Haut-Médoc, hukohuko Bordeaux, na bado lazima usome lebo. Geuza chupa uangalie nyuma, tafuta alama ya wasimamizi, inayojulikana zaidi ni herufi U ndani ya duara, au maandishi ya Kiebrania. Usipoona alama yoyote, rudisha.

Ukishaiona alama tafuta neno moja tu, mevushal. Maana yake ile waini ilipashwa moto, siku hizi wanaipitisha kwenye joto kali kwa muda mfupi sana halafu inapozwa harakaharaka, na hiyo hata wewe mwenye nyumba ukiifungua na kuimimina inabaki kosheri. Isipokuwa mevushal, na Bordeaux nzuri nyingi sio mevushal, basi ikishafunguliwa na kuguswa au kumiminwa na asiye Myahudi, mgeni wako hawezi tena kuinywa, hata kama imekugharimu mshahara wa wiki. Chupa ikiwa bado imezibwa hakuna shida, beba, weka mezani, ila hapo ndo ukomee. Mpe mgeni chupa na opena mkononi, mwambie kaka karibu utufungulie, naye atawamiminia wote. Hiyo ndo heshima kubwa utakayomfanyia usiku huo, na waeleze na watoto pamoja na dada wa nyumbani mapema, maana huwa wanakimbilia kuongeza glasi kwa upendo tu.

Ipi sasa? Kwa meza ya kwetu mimi naipendelea ya upande wa Saint-Émilion, hukohuko Bordeaux, ambako zabibu aina ya Merlot ndo inatawala, ni laini, ukakasi wake hauumi ulimi. Za upande wa Médoc zina zabibu aina ya Cabernet Sauvignon nyingi, zikiwa changa zinakaza mdomo kama umetafuna ganda la zabibu, hizo zinataka nyama yenye mafuta na zinataka muda. Ukiipata ya Médoc changa, mwombe mgeni aimimine kwenye jagi safi la kioo saa moja kabla ya kula, itatulia. Ya zamani yenye mashapo chini isimamishe tangu jana yake, na imiminwe polepole.

Kuhusu joto, nisikilize vizuri hapa. Wanaposema waini nyekundu inanywewa kwenye joto la chumba hawakusudii chumba cha Dodoma mwezi wa kumi na moja. Wanakusudia nyuzi 16 mpaka 18, na sebuleni kwako muda huo inaweza ikawa 28, hapo pombe inapanda puani na tunda lote linapotea. Weka chupa kwenye friji kama saa moja na nusu kabla hawajafika. Na kama inatoka Dar kwa gari, isiachwe kwenye buti juani, itapikika humo humo.

Chakula muulize mgeni mwenyewe bila aibu, hataudhika. Nyama inatakiwa iwe imechinjwa kwa utaratibu wao, kwa hiyo mbuzi wetu wa kuchoma hapa hapiti hata awe mtamu vipi, na nyama haiambatani na maziwa wala siagi. Samaki ni wale wenye magamba na mapezi, sato wa Mtera anafaa, kambale hapana. Shida iko kwenye sufuria zako, anaweza asile kilichopikwa humo, basi weka matunda mazima, maembe, ndizi, na zabibu za kwetu, na glasi na sahani zile za kutumia mara moja. Kama ataleta chakula chake mwenyewe usikasirike.

SWALI: Dada, mimi nina ekari mbili za zabibu Hombolo. Je, na waini yetu ya Dodoma inaweza ikawa kosheri? – Mkulima, Hombolo

JIBU: Zabibu zako hazina tatizo lolote kaka, ila matunda ya miaka mitatu ya mwanzo tangu mche upandwe hayatumiki kwao. Kazi iko kiwandani. Mchuzi wa zabibu ukishakamuliwa na watu wa kawaida basi, haurudi tena kuwa kosheri, kwa hiyo angehitajika msimamizi na timu yake wawepo tangu mashine inawashwa, na vyombo viandaliwe upya. Anzia kwa mwenye kiwanda unayemuuzia kabla hujaota bei ya juu. Inawezekana, lakini sio jambo la mkulima mmoja.

SWALI: Waini nyekundu ikibaki kwenye chupa inakaa siku ngapi? – Msomaji, Ipagala

JIBU: Izibe vizuri na koki yake uirudishe friji, siku mbili au tatu bado inanyweka, ikianza kuchachuka ipeleke kwenye mchuzi wa nyama. Ila kama ni ile ya mgeni wa kosheri isiyo mevushal na anataka kuimalizia baadaye, azibe mwenyewe na aondoke nayo.